Ukingo wa Rozina

Zadok alipima tena asubuhi hiyo, kutoka msalaba wa kaburi la mkewe Rozina mpaka ukingoni mwa ziwa. Hatua tatu. Jumapili iliyopita zilikuwa tano. Akarudia kupima, mzee wa watu, kana kwamba ziwa lingemwonea haya limrudishie mbili.

Na mkosi wenyewe alijipalia kwa mkono wake. Mwaka tisini na nne magari ya barafu yalianza kuteremka kutoka Mwanza kutafuta sangara, na kila mwenye kipande cha ufuko huku Magu akajiona tajiri. Zadok naye akashika panga, akafyeka matete yote mbele ya mji wake ili apate mwalo wa mitumbwi kupakulia samaki. Jamani! Matete yaliyokuwa pale tangu enzi za babu yake! Msimu mmoja alikula raha. Kisha mawimbi, ambayo zamani yalichokea kwenye matete, yakaja kugonga udongo moja kwa moja. Maji ya mvua nayo yakashuka kutoka kwenye majabali, yakachimba mifereji uani. Ukingo ukageuka genge, na mitumbwi ikakosa pa kuegeshwa.

Mchanga wote huo ulikwenda wapi? Hapo hapo, nyuma ya mwamba, kwa jirani yake Dorotea, Mama Antoni, mjane mwenzake. Kila wimbi lilimpelekea kidogo, mpaka akapata ufuko mpana wa kuchezea mpira, na magari ya samaki yakahamia kwake. Zadok akanuna. Akamwita mwizi wa mchanga, utadhani yule mama alikuja na karai kuuzoa. Tangu hapo salamu hakuna, huu mwaka wa pili.

Sasa ilikuwa mwishoni mwa tisini na saba, na mvua ilikuwa haijui kupumzika. Rozina alipaswa kuhamishwa, hilo Zadok alilijua vizuri. Lakini kwao mfu hafukuliwi hivi hivi, jembe la kwanza lazima lipigwe na mtoto wa kwanza. Mtoto huyo ni Victor, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Nyakato, kule Mwanza. "Shikamoo baba," aliandika Victor, "Jumamosi nitafika bila kukosa." Jumamosi tatu zilipita. Kila Jumamosi Zadok alisonga ugali wa watu wawili, akaula peke yake hadi Jumatatu.

Alhamisi alfajiri mvua ilimwagika kwa fujo. Katikati ya kelele za bati, Zadok akasikia mtu akiita mlangoni.

"Baba Victor! Baba Victor, toka!"

Alikuwa Dorotea. Ahaa, leo umekumbuka njia ya kwangu, Zadok alijisemea, akavuta blanketi. Alidhani amekuja kutaka wapatane, na yeye hakuwa tayari kupatana. Acha abembeleze kidogo. Mwanamke aliita mara nne, akagonga, akaenda zake.

Mvua ilipopungua Zadok akatoka. Msalaba haukuwapo. Mahali pa kaburi palikuwa na udongo mwekundu uliomeguka muda si mrefu, na chini yake maji ya tope. Alikimbia, akateleza, akauzunguka mwamba.

Dorotea alikuwa amepiga magoti ufukoni, ameloa chapachapa. Mbele yake palikuwa na mbao mbili za jeneza na shuka lake jeupe la kwendea kanisani, limefungwa vizuri. Alikuwa ameokota kila mfupa aliouona.

"Nilikuita," alisema.

"Nilisikia."

Dorotea akamwangalia sana. Zadok akalia, wala hakuuficha uso.

Baadaye mama yule akamwonyesha mahali upande wa juu wa nyumba yake, palipokingwa na mwamba kwa chini, ambapo maji hayawezi kula. Akampa jembe.

"Jembe la kwanza ni la Victor," Zadok alisema.

"Na Victor yuko wapi?"

Zadok akainua jembe. Akachimba mwenyewe. Walipomaliza kufukia, wakaomba Baba Yetu, sauti mbili tu.

"Nitaruhusiwa kuja kumwona, Mama Antoni?"

"Njoo hata kila siku. Ila ukifika upige hodi na unisalimie, siyo kunipita kama kisiki."

Karibu acheke. Akashukuru, akaenda kwake. Jioni alijilaza kitandani, upande wa dirisha. Kwa miaka sita alikuwa akigeukia dirisha hilo kila jioni na kumpa Rozina habari za siku, huyo hapo nje, akiamini kabisa kwamba anasikia. Leo habari zilikuwepo nyingi. Zadok akaanza, "Mama Victor, unajua leo..."

Nje ya dirisha palikuwa na maji tu. Akageukia ukutani.