Tambara la Masolwa

Masolwa alizungusha hendeli ya mashine ya maji pale Ng'ambo mara ya tisa. Ilikuwa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, baridi inauma vidole. Mashine ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Nje wanawake walishapanga ndoo.

"Baba Flavia, maji yapo leo?" aliuliza Batuli, muuza uji.

"Yapo, Bi Batuli. Nipe dakika mbili."

Mashine haikuwa na kosa. Ubaya ulikuja Jumatatu na pipa jipya la dizeli. Mafuta yale yalichelewa kushika moto. Chuma kikishapata joto yaliwaka vizuri, lakini asubuhi ya baridi yalizubaa tu. Masolwa aliyajaribu kwa mhunzi, juu ya chuma chekundu. Tone la mafuta ya zamani lilishika papo hapo. La pipa jipya lilifuka kwanza, likajivuta, ndipo likawaka. Alipomweleza Bwana Mkaguzi, Mzungu wa maji, alijibiwa kuwa dizeli ni dizeli. Haya.

Basi akachovya tambara katika mafuta ya taa, akaliwasha, akalishika kwenye mdomo wa kuvutia hewa, akazungusha tena. Mashine ikagonga, ikagonga, ikanguruma. Maji yakatoka.

Kugeuka, Bwana yuko mlangoni na karani wake, Eustace.

"Anasema unachoma mali ya Serikali," Eustace alitafsiri.

"Mwambie ubaya ni wa mafuta, bwana karani. Naipasha hewa joto tu."

"Anasema amri hiyo hapo ukutani. Moto marufuku."

"Basi mwombe twende kwa mhunzi, aone kwa macho yake."

Hilo Eustace hakulitafsiri. Alikuwa na watoto sita, na ubishi wa fundi haukuwa wake. Miaka kumi na mmoja ya kazi ya Masolwa ikaishia katika mistari miwili ya wino ya kumfukuza. Ilimuuma, akaaga kwa adabu.

Kesho yake alikuja na ndoo, akapanga foleni. Raymundi, fundi mpya, alizungusha mpaka shati likalowa. Wapi. Foleni ikafika barabarani. Bwana akaingia ndani, akafunga mlango.

Punde harufu ya mafuta ya taa ikatoka dirishani. Masolwa alichungulia. Bwana mwenyewe alikuwa ameshika tambara linalowaka, amesimama chini ya amri yake. Mashine ikanguruma.

"Leo wameiwashaje?" Batuli aliuliza.

"Kwa kosa langu," Masolwa alisema, akakinga ndoo.