Ng'ombe Aliyeingia Kwenye Fomu

Bibi Immakulata alikatwa kwenye orodha ya mradi wa kusaidia kaya maskini kwa sababu ya ng'ombe ambaye si wake. Ng'ombe ni wangu.

Hapa Rungwe Mpya mtu mwenye ng'ombe watatu hawalazi wote zizi moja. Mmoja anampeleka kwa mtu anayemwamini, amtunze. Tunaita kuragiza. Maziwa na mbolea ni vya anayemtunza, ndama ni wa mwenyewe. Mwenye ng'ombe hatembei akitangaza, na anayetunza hasemi mbele ya mgeni kwamba huyu si wangu. Ukimkana ng'ombe, umemtukana aliyekupa.

Bibi analea wajukuu watatu. Mama yao alifariki mwaka 2010, baba alikwenda Mpanda kulima tumbaku na hajarudi. Nilipoona yule mdogo, Laurent, anakunywa uji mtupu wa muhogo asubuhi na jioni, nikampelekea bibi ng'ombe mmoja. Mkubwa, Recho, alikuwa darasa la saba na kichwa chake kilikuwa chepesi. Mradi uliahidi kaya zitakazopita sare, madaftari na ada mpaka kidato cha nne. Bila mradi, Recho hakuwa na sekondari. Ningemlipia mimi, lakini nina wanne wangu shuleni, nao walishakula ng'ombe wawili.

Oktoba 2013 wakaja kuandikisha. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya kijiji, nimekaa palepale kwenye benchi la bibi. Aliyeuliza ni kijana wa mradi, Godson, mtu wa Moshi, fomu juu ya goti.

"Bibi, kuna ng'ombe hapa?"

"Yupo."

"Ni wako?"

"Kwani umemkuta amefungwa kwa jirani?"

Watu wakacheka. Godson naye akacheka, akaandika moja. Mimi nikanyamaza. Nilidhani anajua. Mtu wa Moshi atajuaje?

Novemba orodha ikabandikwa. Jina la bibi halikuwepo.

Nikaenda Kasulu, ofisi ya mradi. Godson akanipa kiti.

"Mzee Tharsisi, siku ile ulikuwepo. Mbona hukusema?"

"Nisimame mbele ya watu niseme huyu mama hana kitu, hata ng'ombe ni wangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwenu Moshi mnafanya hivyo?"

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Lakini fomu haijui hilo. Andika barua, mtendaji agonge muhuri."

Mimi shule niliachia darasa la tano. Barua aliiandika Recho, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mtendaji. Nikaipeleka Kasulu, wakasema jina la kitongoji limekosewa. Recho akaandika nyingine. Safari ya tatu Godson akaipokea, akaiweka kwenye faili, akasema haitoshi.

"Wahakiki wakija wakamkuta ng'ombe uani, watamhesabu tena. Mwondoe kwanza."

"Mtoto anakunywa maziwa yake."

"Ni wiki moja tu, mzee."

Nikamwondoa. Ilikuwa saa ya kukamua, na Laurent alitufuata na kikombe chake mpaka barabarani. Bibi akamwita arudi.

Wiki ile ikaenda mpaka Februari. Wakati huo matokeo yalishatoka, Recho amepangiwa sekondari, na wenzake walikuwa darasani tangu Januari. Mkuu wa sekondari alisema atamshikia nafasi mpaka mwisho wa Machi. Mhakiki aliyekuja ni Godson yuleyule, na fomu mpya.

"Bibi, yule ng'ombe yuko wapi?"

"Amerudi kwao."

Godson akapekua mbele, akapekua nyuma. "Kurudi kwao hakumo humu. Kuna ameuzwa, amekufa, ameibwa."

"Andika amekufa," nikasema.

Bibi akanigeukia. "Tharsisi, ng'ombe aliyemnywesha mjukuu wangu mwaka mzima, leo nimwandikishe kifo?"

"Ni karatasi tu, bibi."

"Kama ni karatasi tu, mbona imemtoa ng'ombe nyumbani kwangu?"

"Basi tuseme ameibwa," Godson akasema polepole.

"Aliyemchukua umekaa naye benchi moja. Unataka nimwite mwizi?"

Hapo nilitaka kuinuka nikaichane ile fomu. Nilikaa, kwa sababu ya Recho, aliyekuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Godson alisema akiacha wazi fomu itarudishwa, na ikirudishwa, Machi itaisha bila jibu. Akaandika ameuzwa. Alidhani hilo ndilo jepesi. Na mimi, mjinga, nilidhani hivyo pia.

Machi ikapita kimya. Aprili nikaenda Kasulu kuuliza. Wakanisomea: kaya imeuza mali, ina kipato, itaangaliwa awamu ijayo. Nikauliza barua yangu iko wapi. Ilikuwemo kwenye faili, chini ya fomu. Nikauliza awamu ijayo ni lini. Godson hakujua. Alikuwa anafunga makaratasi yake kwenye maboksi, amehamishiwa Kibondo.

"Nisamehe, mzee," akasema.

"Kamwambie Recho."

Nilimrudisha ng'ombe kwa bibi wiki hiyohiyo. Alipokea kamba, akakamua, akapata nusu kikombe. Kwangu ng'ombe alikuwa ameanza kukauka.

Hesabu ni hii. Safari nne za Kasulu. Barua mbili, mihuri miwili. Miezi mitano bila maziwa, ambayo yalikuwa lita moja na nusu kila siku. Uzito wa Laurent kwenye kadi ya kliniki umeshuka kutoka rangi ya kijani mpaka kijivu. Nafasi moja ya kidato cha kwanza, kapewa mtoto mwingine. Na Recho, aliyeandika barua zote mbili, yuko Kibondo, anaosha vyombo kwenye nyumba ya watu.