Mgeni wa Vidole Vinne

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha sufuria kililia jikoni. Mkamwana ameamka. Bibi alijitanda shuka mabegani, akawasha simu na kuendelea na masomo. Alikuwa akijifunza lugha ya kwao mkamwana, maana tangu aolewe, binti huyo hakuwa na wa kusema naye lugha hiyo. Mwanawe alimwekea programu ya akili mnemba: ukitaja neno, inakutengenezea picha.

Alitaja "kikombe". Akatokea mama mmoja mzee, ameshika kikombe. Akataja "mlango". Mama yuleyule, mlangoni. Akataja "kesho". Yuleyule tena, ameketi kama anayengoja kuitwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne, na puani alikuwa na pamba.

"Mashine hizi hazijui kuhesabu vidole, mama," mwanawe alisema, akifunga kamba za viatu. "Usijisumbue."

Mkamwana aliingia na chai. Akaitupia simu jicho, akaiweka trei chini taratibu.

"Huyo ni mama yangu. Kidole kilikatwa na mashine ya kusaga." Akamgeukia mumewe. "Na hiyo pamba?"

"Watu wa kwenu walipiga simu wakati wa mvua, wakaleta habari za msiba," mumewe alisema. "Ungeondoka, nani angebaki dukani?"

"Na salamu zake ulizokuwa ukiniletea kila Ijumaa?"

"Nilizitunga mwenyewe."

Bibi aliilaza simu kitandani. Mwanawe alimaliza kiatu cha pili, akamwambia mkewe asichelewe kufungua duka, akatoka.

Hapo mgeni akashuka kutoka kwenye simu, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alinukia unga. Alitoa pamba puani ili anywe chai vizuri, na mkamwana akamwongezea sukari bila kuuliza, kisha akalaza kichwa mapajani mwake. Walizungumza kwa sauti ya chini. Bibi akasogea pembeni kuwaachia nafasi.

Jua lilipogusa dirisha, mkamwana alinawa uso, akachukua funguo, akaenda kufungua duka.

Mgeni alisimama, akakunja shuka ya Bibi vizuri, akaelekea kwenye simu. Bibi alimshika ule mkono wa vidole vinne, akatafuta maneno ya lugha yao. Alikuwa nayo matatu tu.

"Kesho," alisema. "Mlango. Kikombe."