Maneno ya Tukiran Ukutani

Ofisini kwetu, mjini Semarang, kabla ya kutengeneza programu yoyote ya simu, vijana hujifungia wiki nzima wakipanga. Wanaandika kwenye vikaratasi vya kunata, wanabandika ukutani, wanajadili, kisha wanapiga kura kwa vidoti vyekundu. Kazi yangu ni kupika na kupeleka chai, lakini macho ninayo.

Safari hii walipanga programu ya wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine. Marehemu mume wangu, Tukiran, alikuwa mmoja wao. Walimhoji hospitalini akiwa hai, nami nimekaa kando yake. Aliwaomba kitu kimoja tu: mashine ikiharibika, mgonjwa aambiwe kabla hajatoka nyumbani. Tulikuwa tunatoka kwetu Demak kwa basi, maji ya bahari yamefunika barabara, tunafika tunaambiwa rudini kesho. Mara ya mwisho, kesho hiyo hakuiona.

Kwa hiyo nilipoingia na tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, nililitafuta ombi lake ukutani. Nikaliona chini ya picha ya mwanamume mwenye masharubu, anatabasamu juu ya pikipiki. Jina lake Pak Hadi, yaani Bwana Hadi. Pembeni ya mdomo wake wamebandika maneno ya Tukiran, vilevile alivyoyasema: "Njia hii inanichosha kuliko ugonjwa."

"Mbak Retno," nikamwuliza dada anayewaongoza, "huyu ni nani?"

"Hayupo, Bu," akajibu, akiniita mama kwa heshima. "Tumewachanganya wote tuliowahoji, tukapata mtu mmoja. Anatukumbusha tunamtengenezea nani."

Galih, mmoja wa vijana, akachukua tempe. "Umempenda, Bu Wagiyem? Tukuozeshe. Huyu hali, hakoromi, wala hana mama mkwe."

Wakacheka. Nikatabasamu, maana hakujua.

Kura zilipoanza nikakusanya vikombe taratibu.

"Pak Hadi ana pikipiki," Galih alisema. "Mashine ikiharibika anageuza tu. Kinachomsumbua ni bima ya matibabu."

Vidoti vikaenda kwenye bima.

"Aliyesema njia inamchosha hakuwa na pikipiki," nikasema. Wakageuka wote. "Alikuwa mume wangu."

Galih akairudisha tempe kwenye sahani. "Nisamehe, Bu."

Retno alisimama akiutazama ukuta, nami nikadhani watapiga kura upya. Kisha akanishika mkono.

"Bu, karibu wote tuliowahoji walilia na bima. Na hospitali imekataa kutupa habari za mashine zake, tumeiomba sana. Hili tuliweke la baadaye."

Hakunidanganya, na namshukuru kwa hilo. Akalihamishia ombi chini kabisa, kwenye kona ya mambo ya baadaye. Kona hiyo naijua. Ndimi ninayefagia vikaratasi vinavyodondoka pale.

"Basi yale maneno yabandueni kwa huyo bwana," nikasema. "Hakuyasema yeye."

Galih ndiye aliyeyabandua. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Hata mwandiko si wa Tukiran. Nikakikunja kile kikaratasi, gundi ndani, nikakitia mfukoni.

Jikoni maji ya chai yalikuwa yanachemka. Nikayapunguzia moto, nikamwombea Tukiran rehema, kisha nikasema naye kidogo, kama nilivyozoea tukirudi ndani ya basi.

"Nimewaambia, Pak," nikasema. "Wamesikia. Si watu wabaya."

Nikamimina chai, nikawapelekea.