Hesabu za Mama Desimali

Pale kituo cha utafiti walimwita Mama Desimali, maana neno "takriban" kwake lilikuwa tusi. Kazi yake ilikuwa kukokotoa kwa kompyuta tabia za antena bapa, safu za vipande vya shaba vilivyochapwa juu ya ubao usiopitisha umeme, kabla hazijatengenezwa. Mumewe, fundi wa maabara hapohapo, ndiye aliyezitengeneza na kuzipima.

Safari hii vipimo vilimuumbua. Antena ilinasa mawimbi ya masafa tofauti kabisa na aliyotabiri. Mkuu wa kituo akampa hadi Ijumaa: kosa lisipopatikana, programu aliyoihangaikia miaka yote itatupwa, naye atatolewa kwenye mradi. Mumewe akamwonea huruma. Kila jioni alimletea chai, akavuta kiti, wakapitia milinganyo mstari kwa mstari. Alimwambia pengine ni uchovu tu, na yeye, masikini, akaanza kujiona kilaza.

Alhamisi akaigeuza hesabu kichwa chini miguu juu. Kwa kuwa ubao ndio unaoamua masafa, badala ya kuuliza antena itanasa yapi, aliuliza: kwa vipimo hivi, ubao ni wa aina gani? Jibu likaja: nyuzi za kioo, ule wa kawaida uliojaa kwenye redio mbovu. Yeye aliagiza ule mweupe wa plastiki maalumu. Akaenda maabara, akaichukua antena mbele ya mumewe, akaikwangua ukingoni kwa kisu. Rangi nyeupe ikabanduka, chini pakaonekana ukijani wa ubao wa nyuzi za kioo.

Mumewe akakiri. Ubao mzuri ulimpasukia akiukata, akaogopa kufukuzwa, akaweka mwingine na kuupaka rangi.

"Ubao ningekusamehe," mkewe alisema. "Lakini kila jioni ulikaa na mimi ukinisaidia kutafuta kosa."

"Wewe una kichwa, mke wangu. Ungepata kazi popote. Mimi je?"

Maneno hayo yalimchoma. Hata hivyo alitaka mumewe aungame mwenyewe kwa mkuu, asiaibishwe na mtu. Akampigia mkuu, akamkabidhi mumewe simu, akamwambia aeleze.

Mumewe akakohoa kidogo. "Samahani kwa usumbufu, mkuu. Mke wangu bado anatafuta lile kosa lake."

Mkewe akamnyang'anya simu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ila sauti haikutetemeka alipoanza kumsomea mkuu tarakimu zilizoufichua ule ubao, moja baada ya nyingine.