Lita Sitini na Saba

Kwa miaka kumi na tisa dereva wa maabara aliendesha gari kana kwamba kuna yai kati ya kiatu chake na kanyagio la mafuta, na wenzake wakambandika jina: Yai. Hakukasirika. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amebeba damu za watu katika kisanduku cha barafu, na damu ya mtu hairushwirushwi matutani kama gunia la viazi. Alikuwa na majivuno kidogo, yale ya mtu asiye na nyumba wala shamba la kujivunia, ila mikono safi na binti msomi.

Binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee, na alisoma kwa mshahara wa usukani mpaka akawa mhasibu. Basi dunia haiishi vituko: maabara ile ile ilipotangaza nafasi ya mhasibu, aliyeipata ni yeye. Siku yake ya kwanza kazini Yai alimpakia kiti cha mbele, amevaa shati alilolipiga pasi mara mbili, akamzungusha kwa wafagizi, kwa wapimaji, hata kwa mtu wa kuleta maji ya kunywa. "Huyu ni wangu," alikuwa akisema, na meno yote nje.

Mwenye maabara alikuwa daktari mmoja mpenda mabango. Mlangoni alitundika bango kubwa linaloahidi majibu ndani ya saa moja, na bango lile lilimletea wateja kweli kweli. Lakini bango haliendi kuchukua damu. Zahanati zilizomtegemea zilikuwa saba, zote humo humo mjini. Ya karibu ungeweza kuifikia kwa miguu bila jasho, ya mbali haikufika kilomita tatu. Muuguzi akishamtoa mgonjwa mmoja damu, anapiga simu, na Yai anatoka mbio kwenda kufuata kichupa kimoja. Akirudi anazima gari, anakaa kwenye benchi robo saa, nusu saa, gari linapoa, simu inalia, anawasha tena. Mara ishirini kwa siku. Njiani kuna taa nyekundu, matuta, foleni ya wazazi mbele ya shule, na kila siku lazima kuwe na lori moja lililoamua kugeuza katikati ya barabara.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, dogo, la petroli. Daktari alilinunua baada ya kusoma katika kitabu chake kwamba linakwenda kilomita kumi na nane kwa lita moja. Binti naye, katika mwezi wake wa tatu kazini, alikisoma kitabu hicho, na balaa likaanzia hapo.

Alimwita baba yake ofisini kwa daktari asubuhi moja, karatasi zimepangwa mezani. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, hakumwita baba.

"Dereva," alisema, macho kwenye karatasi, "mwezi uliopita gari limetembea kilomita elfu moja na mia tano. Kwa kitabu, lilitakiwa litumie lita themanini na tatu. Limetumia mia moja hamsini. Lita sitini na saba zimekwenda wapi?"

"Zimekwenda barabarani," Yai alijibu. "Zingekwenda wapi tena?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Daktari alijiegemeza kwenye kiti. "Mzee, wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Na njia zako wewe zote ni fupi!" Akacheka, akacheka peke yake mpaka akamaliza.

Tusimpake matope binti bila kumsikiliza. Alikuwa mgeni kazini, na kila aliyemsalimia alijua yeye ni mtoto wa nani. Alijiambia: nikinyamaza watasema namficha baba yangu, wakija kugundua wao tutaondoka wote wawili. Hayo ni mawazo ya mtu mwoga, na woga si dhambi. Lakini angeweza kwanza kumwuliza baba yake nyumbani, mlango umefungwa, kama mtu na mzazi wake. Hilo mimi limenishinda kumsamehe.

Yai naye alijiponza kwa kiburi chake. Badala ya kuomba siku mbili za kufikiri, alipiga meza. "Nipimeni!" alisema. "Jazeni tangi mpaka mdomoni, pandeni na mimi, tutembee, kisha tujaze tena muone lita ngapi zimeingia. Kama mimi ni mwizi, gari litasema."

Wakakubaliana Jumapili, kwa kuwa siku za kazi gari halikuwa na nafasi. Na Jumapili, mahali pazuri pa kutembeza gari bila usumbufu ni barabara kuu inayotoka nje ya mji. Daktari akakaa mbele, binti nyuma na daftari lake. Yai aliendesha vizuri siku ile kuliko siku zote za maisha yake. Alitaka binti aone. Kila kilima alikiona tangu mbali na kukipanda taratibu. Breki hakuigusa ila kwa lazima. Gia zilipanda bila mtu kujua zimepanda. Kilomita mia moja na nane, kwenda na kurudi, na hata shingo ya abiria haikutikisika. Mara mbili alimtazama mwanawe kwenye kioo, akamwona anaangalia mashamba, akafurahi moyoni kama mjinga.

Kituoni tangi lilijazwa tena mpaka mdomoni. Zikaingia lita sita kamili.

"Kumi na nane," binti alisema. "Kama kitabu."

"Kumbe gari ni zima," daktari alisema, "na dereva anajua sana kubana mafuta akitaka."

Ndivyo mzee wa watu alivyojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Alisimama pale kando ya pampu, kofia mkononi. Hata yeye kwa dakika chache alijiuliza kama kweli kuna mtu anayenyonya tangi lile maabara ikifungwa.

Kesho yake alimwendea fundi, rafiki yake wa zamani, mwenye gereji nyuma ya soko la mbao. Fundi alimsikiliza huku akifungua plagi, kisha akatikisa kichwa.

"Walikupima na injini ya moto, barabara tupu," alisema. "Sasa wewe injini yako inapata moto saa ngapi? Ikiwa baridi inamwagiwa petroli nyingi ndipo iwake na ivute. Inaanza tu kuchangamka, wewe umeshafika, umezima. Halafu unawasha tena. Kwani mkeo akitaka kuchemsha vikombe ishirini vya chai, anawasha jiko la mkaa mara ishirini, kila kikombe na mkaa wake?"

"Atakuwa mwendawazimu."

"Basi ndiyo kazi mliyompa hilo gari. Kumi kwa lita? Mwingine angepata nane. Wanatakiwa wakupe zawadi."

Yai alirudi nyumbani mwepesi kama ametuliwa mzigo wa kuni. Walipokaa kula, alimweleza binti yote, habari ya jiko na vikombe, mkaa na chai, akitumia vijiko vya mezani kuonyesha zahanati. Mama mtu alimimina maji kwenye glasi bila kumwangalia yeyote.

"Baba," binti alisema, "hizo ni hadithi za gereji."

"Basi panda na mimi siku moja. Siku moja tu ya kazi, mama. Kaa hapo mbele na daftari lako, asubuhi mpaka jioni, uone mwenyewe."

"Nishinde siku nzima nafuata vichupa? Na kazi yangu nani afanye?"

"Nusu siku, basi."

"Tulishapima, baba. Wewe mwenyewe ndiye uliyetaka tupime. Hesabu hazina undugu."

Yai alikusanya vijiko, akavirudisha kwenye kikapu chake kimoja kimoja. Kuitwa mwizi na daktari kulimuuma, lakini daktari ni mtu wa kuja na kupita. Ila binti huyu yeye mwenyewe alimbeba mgongoni, huyu alimvusha barabara kwa mkono mpaka alipoanza kuona haya kushikwa mkono. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo aliishona mwenyewe. Usiku ule hakulala, na hakumwambia mke wake kwa nini, kwa kuwa mke wake naye alikuwa macho.

Mwisho wa mwezi unga ukamwagika. Barua ilisema anaachishwa kazi kwa upotevu wa mafuta, na chini yake, mahali pa aliyehakiki, kulikuwa na sahihi aliyoifahamu tangu ilipokuwa kwenye madaftari ya shule ya msingi. Wenzake walitania kwamba Yai limepasuka. Kwa barua kama ile hakuna aliyemkabidhi tena funguo za gari. Aliomba kwenye shule, akaomba kwenye duka la dawa, akaomba mpaka kwa muuza mkaa. Mwishowe fundi akampa kazi ya kuosha vipuri kwa mafuta ya taa na kulinda zana.

Binti alihama, akapanga chumba karibu na ofisi mpya aliyohamia. Salamu zilipita kwa mama mtu, kwenda na kurudi, zikipungua kila safari. Baba hakumlaani. Akiwa peke yake na ndoo ya vipuri alikuwa akitunga maneno atakayomwambia siku atakapokuja, kwa kuwa alijua atakuja, na kila wiki aliyanoa upya.

Alikuja baada ya miaka miwili, asubuhi ya siku ya kazi, na gari dogo jekundu la petroli. Alishuka akasimama mbali kidogo na baba yake, pale penye mchanga uliolowa oili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako alisema umenunua gari."

"Ndiyo. Fundi yupo?"

"Amefuata vipuri. Lina nini?"

"Linakula mafuta kupita kiasi. Sijui limetoboka wapi."

"Umetazama chini?"

"Nimetandika magazeti siku tatu. Hata tone moja hakuna."

Yai alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Kitabu chake kinasemaje?"

"Kumi na saba kwa lita."

"Na wewe unapata ngapi?"

"Tisa. Wiki nyingine nane."

"Kwako mpaka kazini ni umbali gani?"

"Karibu tu, kilomita mbili. Mchana narudi kula, halafu naenda tena."

Yai alichuchumaa, akaanza kuosha kipuri kilichokuwa safi tayari. Binti akaendelea mwenyewe.

"Mwanzoni nilidhani nimempata mwizi. Mlinzi wa pale ninapokaa. Uani tumebanana, kwa hiyo funguo tunamwachia yeye ayasogeze magari asubuhi. Nilimpigia mahesabu yote, nikayapeleka kwa mwenye nyumba. Akaapa, akalia, akataka nishinde naye siku nzima nimwone anavyofanya kazi. Nikasema sina nafasi hiyo. Akafukuzwa, mwezi wa pili huu. Sasa funguo nalala nazo mwenyewe, lakini mafuta bado yana..."

Hakumaliza. Mkono uliokuwa umeshika funguo ulishuka ubavuni. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na sasa ulikuwa umemgeukia na kumchoma yeye.

Yai alingoja yale maneno yake yaliyonolewa miaka miwili yaje. Hayakuja. Alidhani siku hii ingekuwa tamu kama asali, akaona haina ladha yoyote, na kilichompanda kifuani hakikuwa furaha wala hasira, ilikuwa aibu kwa ajili ya mtoto wake.

"Ulinieleza," binti alisema. Machozi yalikuwa yanamdondoka naye hayafuti. "Mezani pale. Habari ya jiko la mkaa."

"Nilikueleza."

"Baba, nisamehe. Nitamwandikia daktari barua. Nitamfuata mwenyewe, nimweleze kwamba nilikosea."

"Daktari maabara alishaiuza. Amehama na mji." Alikitupa kipuri ndooni, akainuka huku ameshika magoti. "Langu mimi litangoja, nimeshalizoea. Huyo mlinzi, ana watoto?"

"Sijui."

"Anakaa wapi?"

"Sijui, baba. Alikuwa anaondoka asubuhi kwa miguu."

"Basi twende tukaulize pale kwako, lazima kuna anayemjua. Tutamtafuta nyumba kwa nyumba ikibidi." Alikwisha kuvua koti la kazi. "Anaitwa nani?"

"Tulikuwa tunamwita mlinzi," binti alisema.