Ndizi za Manjano

Tovuti ya kikundi cha wakulima wa ndizi wa Mitunguu ilikuwa hewani tangu mwezi uliopita, na hakuna mnunuzi aliyepiga simu. Karambu aliitengeneza mwenyewe, kwa alichojifunza katika masomo ya jioni mjini Meru, mwanawe Kendi amelala mapajani. Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Sasa mwenyekiti, Mzee Marete, alikuwa amemwambia kwa upole, ule upole unaouma, kwamba mkutano wa Jumamosi ukifika bila mnunuzi, watarudi kuwauzia mabroka, wale madalali wa kati, na tovuti ifungwe.

Karambu hakuelewa. Ukurasa wake ulisifiwa na darasa zima. Juu kabisa aliweka picha ya ndizi za manjano, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Chini yake maneno ya kukaribisha, historia ya kikundi, na mwisho kabisa namba ya simu.

Akakumbuka neno la mwalimu wake, Sheila: mpe mtu simu mkononi, kisha nyamaza utazame kidole chake. Basi Alhamisi akamfunga Kendi mgongoni kwa leso, akaenda soko la Gakoromone kumtafuta Mama Ngari, mchuuzi wa Runyenjes anayejaza pikapu nzima kila akija. Akamwomba autazame ukurasa kidogo tu.

Mama Ngari alitazama, akacheka, akarudisha simu kabla kidole hakijasogea.

"Hizi ni za kula leo, mama. Zikifika Runyenjes nitauza nini, uji?"

Karambu alitaka kumweleza kwamba hiyo ni picha tu. Akauma ulimi. Yeye aliyekulia katikati ya migomba alijua vizuri kwamba hakuna mchuuzi anayepakia ndizi mbivu. Hukatwa zikiwa kijani, zimekomaa, ziivie huko mbele. Alijua tangu utoto, akasahau mara tu alipokaa mbele ya kompyuta kutafuta urembo.

Akamuuliza tu huanza kuangalia nini anaponunua. Mama Ngari akamwonyesha kwa mikono: ukubwa wa mkungu, unene wa ndizi yenyewe, halafu nani wa kupigia.

Kesho yake, Kendi akichezea majani makavu, Karambu alimsimamisha Mzee Marete shambani na kofia yake kuukuu, kando ya mkungu wa kijani, ili ukubwa uonekane. Akapiga picha nyingine ya ndizi moja juu ya kiganja. Manjano yote akayafuta, historia akaiacha chini. Juu akaweka kitufe kikubwa cha kupiga simu moja kwa moja kwa mwenyekiti, kisha akamtumia Mama Ngari kiungo, awaonyeshe na wachuuzi wenzake.

Jumamosi Mzee Marete alikuwa amesimama, ameanza kusema kwamba binti yetu amejaribu, simu yake ikalia. Akaomba radhi, akasikiliza. Sauti ya Mama Ngari ilifika hadi viti vya nyuma: anataka kujaza pikapu, mikungu kama ule ulio kando ya mzee mwenye kofia mbaya.

Watu wakaangua kicheko. Marete akafunika simu kwa kiganja.

"Mama Kendi, anataka Jumanne. Tuseme nini?"

"Aje, mzee. Tuko tayari."

Hata hajaketi, simu ikalia tena, safari hii mtu wa Embu mjini. Habari ya mabroka haikutajwa tena, na wanawake wa mstari wa mbele walikuwa tayari wanapokezana Kendi, kila mmoja akimsifia mamake.

Mkutano ulipoisha, mzee akamvuta Karambu kando. Alitaka kujua kama ile picha inaweza kupigwa upya. Nyumbani ana kofia nyingine, ya kanisani.

"Hapana, mzee," Karambu akasema, akicheka huku anafuta macho. "Wanunuzi washaizoea hiyo."